Beki Aliyezaliwa Kakuma

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kuja. Naomba nianze na mkwaju mmoja.

Ni Aprili 2023, Sydney, king'ora cha mwisho kimeshalia. Katika kandanda ya Australia, ukiwa umeshaudaka mpira kabla ya king'ora, unaachiwa upige mkwaju wako. Ollie Florent wa Sydney Swans akapiga. Mpira ule wa umbo la yai ukipita kati ya milingoti miwili mirefu ni pointi 6, na Sydney wameshinda. Ukaruka, ukaanza kushuka pale pale juu ya mstari. Akachupa Aliir Aliir, beki wa Port Adelaide, akauzuia. Mechi ikaishia hapo. Na Sydney ndiyo klabu iliyomlea!

Aliir alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya Kakuma, Turkana, kwa wazazi waliokimbia vita kusini mwa Sudan. Alifika Australia mtoto, na mchezo huu akaujulia huko.

Kule chipukizi hachagui klabu. Klabu ndizo huchagua vijana, kwa zamu. Mwaka 2013 yalitajwa majina 43 kabla ya lake. Hata baada ya hapo hakugusa mechi ya ligi kuu mpaka 2016. Mwaka huohuo Sydney wakaingia fainali kuu, lakini yeye goti lilikuwa limeumia kwenye nusu fainali. Fainali ikachezwa bila yeye.

Mwisho wa 2020 akahamia Port Adelaide, na msimu uliofuata akaingia kikosi bora cha ligi nzima. Jamani, kwa beki hilo ni jambo kubwa. Mfungaji anahesabiwa mabao. Aliir kazi yake ni kuusoma mpira ungali hewani, kumwacha mtu anayemkaba kwa wakati unaofaa, na kuudaka kabla haujamfikia aliyekusudiwa.

Lakini Julai 2023 aligongana vichwa na mchezaji mwenzake, akarudishwa uwanjani bila kipimo kinachotakiwa. Klabu ikatozwa faini ya dola 100,000 za Australia, nusu yake ikasitishwa. Hili linaniuma kuliko lile goti. Goti likiumia, mtu huchechemea na uwanja mzima unaona. Kichwa kikiumia, husimama, akajipangusa nyasi, akasema yuko sawa. Kwa hiyo uamuzi wa kurudi haupaswi kuwa wake, ni wa daktari.