Sema Unachotaka Kwanza, Mchoro Baadaye

Haya, itifaki imezingatiwa, tukae. Mmeona? Sekunde tatu. Aliyenitangulia amesalimia mpaka aliyepanga viti na bado sijui alikuja kutuambia nini.

Wale walionisikia Nakuru wanajua naelekea wapi, wavumilie. Watu wetu wanajua kuongea, shida ni wanaficha neno lenyewe chini kama mtu anaficha nyama chini ya sukuma.

Mimi nilikuwa fundi kijana kwa kiwanda fulani, sitakitaja, tuliachana kwa amani. Tulikuwa na pampu mbili za maji, moja ikaanza kulia, na si ile kulia ya kawaida, ilikuwa inasaga. Ukiweka mkono pale beringi inakaa, ile inashikilia shafti, chuma kinachozunguka, unautoa mbio, grisi imetokea nje nyeusi, inanuka kuungua. Fundi yeyote anajua hapo umebakisha siku, si wiki. Nikaambiwa niingie kwa meneja, nina dakika tano. Nikaingia na karatasi zangu, nikaanza, "Bosi, kama unavyojua, hizi pampu zililetwa..." nikaeleza zilifungwa lini, nani alizifunga, beringi inafanya kazi aje, mpaka nikachora. Mzee akaangalia saa. Mimi nikadhani amependa mchoro, nikatoa biro ya pili, nyekundu. Simu yake ikalia, akasimama, akaniambia, "Kazi nzuri, niandikie ripoti." Nikatoka nikicheka, ati nimesifiwa! Ijumaa usiku pampu ikashika, ikakataa kuzunguka, shafti ikaharibika, ile ingine haikuweza kubeba mzigo peke yake, laini zote za kiwanda zikasimama. Jumatatu ananiuliza, "Kwani mbona hukuniambia?" Na nilikuwa nimemwambia! Ilikuwa karatasi ya nne.

Nilichohitaji kusema ni hiki: "Bosi, pampu namba mbili itakufa wiki hii, naomba tuizime leo na uniidhinishie beringi mpya." Basi. Akitaka kujua kwa nini atauliza, hapo sasa ndio unatoa mchoro na biro zako zote.

Nendeni hapo steji mumsikilize makanga wa Kakamega. Haanzi na historia ya gari. "Kakamega, Kakamega, mbili wa haraka!" Anajua abiria anatembea, hakusimama kumsikiliza. Bosi wako naye anatembea, hata akiwa amekaa.

Sasa naona wazee wanatikisa kichwa, ati hiyo ni kukosa adabu, kwetu mtu husalimia kwanza. Salimia, nani amekukataza? Oyawore, watoto wako aje, mvua imenyesha Ahero, endelea. Salamu haijawahi kuua pampu. Mimi naongelea ile "kama unavyojua", ile "sijui kama niko sahihi lakini". Hiyo ni woga, tusiisingizie mila.

Mwingine atasema hata ukiongea wazi hawasikii. Kweli kabisa. Januari 1986 kule Marekani, Roger Boisjoly na wahandisi wenzake walionya usiku mmoja kabla ya chombo cha anga cha Challenger kurushwa, wakasema baridi ni kali, ile mipira inayoziba maungio ya roketi haitaziba vizuri, tusirushe. Wakubwa wao wakageuza uamuzi. Kesho yake chombo kikavunjika angani sekunde 73 baada ya kuruka, watu 7 wakafa. Sijawaahidi dawa ya bosi asiyesikia. Lakini hapo hakuna mtu angemuuliza Boisjoly "mbona hukuniambia", mimi niliulizwa, na sikuwa na jibu.

Na hii mambo ya Kiingereza, jamani. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi, lakini mtu yuko mbele ya watu anatafuta neno la kizungu la kupendeza na beringi inaungua. Kama bosi anaelewa Kiswahili, mwambie kwa Kiswahili mrudi kazini.

Nimeonyeshwa karatasi, dakika moja. Haya, haraka: slaidi usinisomee, nina macho. Sauti usiizamishe mwisho wa sentensi, ndio mahali ombi liko. Ukiombwa dakika tano jiandae kwa mbili. Kulikuwa na sehemu nzima ya kutumia mikono ukiongea, mikono tumeiacha.

Maswali. Wewe wa shati la samawati, hapo nyuma, mpeni maiki... hapana, hapana, usijitambulishe, uliza.