Gram hatua kwa hatua: nani kaleta hili jipu?

Mwakeye wote, leo tuko maabara hapa Kigoma tunafanya Gram, yaani kupaka bakteria rangi ili kuwatambua kwa darubini, mpaka mwisho, maana wanafunzi wengi wanakariri majina ya bakteria ila ukiwauliza huyu analeta ugonjwa gani wanakwama.

Vaa glavu. Slaidi hii ina usaha wa jipu, ona nilivyousambaza, mwembamba kabisa, ukijaza rangi haitatoka vizuri na utasoma uongo. Acha ikauke yenyewe halafu pitisha juu ya moto mara tatu chapchap, usiiunguze.

Mwaga kristali vayoleti, rangi ya zambarau, dakika moja, suuza. Ayodini ya Lugol, dakika moja tena, suuza. Mpaka hapa bakteria wote ni zambarau.

Sasa tulieni jamani, hapa ndo penyewe. Asetoni, sekunde mbili tatu tu, ona rangi inavyotiririka, ikikoma suuza hapohapo kwa maji mengi, ukichelewa hata wenye ukuta mnene wanapauka na jibu linageuka, mgonjwa anaweza kupewa dawa isiyomfaa. Ukuta mnene unang'ang'ania zambarau, hao Gram chanya, mwembamba unaiachia, ndo maana tunamalizia na safranini, rangi ya pinki, dakika moja, wale wanakuwa pinki, Gram hasi. Mdenmaki Hans Christian Gram aliitoa hii 1884 na bado inatubeba.

Suuza, kausha, tone la mafuta, lenzi ya 100 ya darubini. Mmeona? Viduara vya zambarau vimebanana kama chikichi kwenye mkungu wake, huo ni mkao wa stafilokoko, bingwa wa majipu. Vingejipanga mnyororo ningewaza streptokoko, yule anayeumiza koo. Viduara vya pinki viwili viwili kama maharage yanayotazamana, tena ndani ya seli za usaha wa mwanaume anayeumia akikojoa, hapo waza kisonono. Bakteria wa kipindupindu kilichotusumbua kijijini Kagunga, hapahapa Kigoma, mwaka 2015 naye ni Gram hasi, kijiti kilichojipinda, ila huyo tunamtafuta kwa kuotesha kinyesi, yaani kumkuza kwenye sahani ya maabara. TB usimtafute kwa rangi hizi kabisa, ukuta wake una nta, ana kipimo chake.

Kwenye fomu andika ulichokiona: Gram chanya, duara, mafungu. Stafilokoko usiandike bado, sahani tuliyooteshea usaha huu tutaifungua kesho asubuhi.