Maji ya Chaza: Namba 14 na Siku ya Mvua

HAJI: Karibuni tena. Leo ni maji wanamokua chaza wa kuuza. Bi Zuhura, kila anayegusa mwongozo wa Marekani wa usafi wa chaza anaitaja 14. Hiyo 14 ni ya nini?

ZUHURA: Kolifomu za kinyesi, yaani bakteria wanaoashiria kuwa kinyesi kimeingia, kwa mililita 100 za maji. Eneo la kuvuna na kuuza moja kwa moja, wastani wake wa kijiometri, ule usioyumbishwa sana na namba moja kubwa, usizidi 14. Watu huishia hapo, na hapo ndipo wanapokwama, maana kipo kigezo cha pili: makadirio ya pasentaili ya 90, yaani kiwango ambacho sampuli 9 kati ya 10 zinatarajiwa kuwa chini yake, yasivuke 43, kama maabara inapima kwa mirija 5 kwa kila hatua ya kuzimua sampuli.

HAJI: Wastani si unatosha?

ZUHURA: Haya, piga hesabu. Mara sita umepata 2, 4, 8, 4, 2 na 300. Wastani wa kijiometri ni 7 na kitu.

HAJI: Safi kabisa.

ZUHURA: Pasentaili ya 90 inatoka kama 82. Umeanguka. Sita ni za mfano tu, kazi yenyewe inataka angalau 30 kwa kituo. Lakini hiyo 300 ndiyo siku ya mvua, na wengi hawaendi baharini mvua ikinyesha.

HAJI: Kwa hiyo faili linajaa siku za jua.

ZUHURA: Ndiyo maana ratiba hupangwa mapema na haihamishwi kwa ajili ya hali ya hewa. Kwetu huku, ukipima kaskazi tu ukaikwepa masika, hujapima kitu. Na uangalie maji: yakiwa yanakupwa, uchafu wa mtaro na wa mikoko unatoka nje kuja kwenye chaza.

HAJI: Tuje kwenye chupa.

ZUHURA: Imeshatakaswa, kwa hiyo usiisuuze baharini. Ishike chini karibu na kitako, izamishe mdomo ukiangalia chini hadi kama sentimita 30, ndipo uigeuze kuelekea mkondo unakotoka. Ukiizamisha mdomo juu, utazoa utando wa juu ya maji. Usiijaze pomoni, maabara lazima waitikise.

HAJI: Halafu barafu.

ZUHURA: Chini ya nyuzi 10, bila kugandisha, na ifike maabara ianze kupimwa ndani ya saa 30. Weka chupa moja ya maji ya kawaida humo ndani, uipime joto ukifika. Usitie kipimajoto kwenye sampuli! Andika pia chumvi ya maji: ikishuka ghafla, jua maji ya mto au mvua yameingia.

HAJI: Na bomba la maji taka likipasuka?

ZUHURA: Unafunga eneo la kuvuna. Bakteria huisha mapema, virusi hung'ang'ania kwenye nyama ya chaza. Marekani husubiri angalau siku 21 tangu uchafu ukome, au wapime virusi vya kiashiria, vinavyoonyesha kama uchafu bado umo, kwenye nyama yenyewe. Sumu ya mwani ni kipimo kingine kabisa; kolifomu haikwambii lolote juu yake, na kuchemsha hakuiondoi.