Risasi Imefanya Nini Ndani ya Swala Pala? Tumchune Tuone

Karibuni. Pala yuko chini, kibali kipo, askari wa wanyamapori ameshakagua. Bunduki ni .308 (unene wa risasi kwa sehemu ya inchi), kichwa cha risasi gramu 11.7, ncha laini, yaani kinachofunguka na kutanuka kikigonga. Kuanguka haraka si kipimo cha risasi nzuri. Hata risasi mbovu ikigonga uti wa mgongo huangusha.

Kwanza, tundu la kuingilia. Linapita kidole kidogo tu. Lisikutishe wala kukufurahisha, karibu risasi zote huingia hivyo.

Pili, chuna mabega yote mawili. Angalia hapa, chini ya ngozi: damu imevilia kidogo tu. Ukikuta nyama imekuwa kama uji, upana wa kiganja, kichwa kimefunguka mapema mno. Mara nyingi ni kichwa chepesi chenye ganda jembamba, kimepigwa karibu, mita thelathini au arobaini, au kimekutana na mfupa wa bega.

Tatu, fungua kifua, na hapa usiharakishe. Mapafu yote mawili yamechanika, kifua kimejaa damu. Ndiyo kazi tunayoitaka. Ukikuta kijitundu chembamba kama cha penseli, kichwa hakikufunguka: ama kimefunikwa shaba mpaka nchani, ama kilifika kimechoka. Ncha laini nyingi huhitaji mwendo wa kama mita 550 kwa sekunde ndipo zifunguke. Za shaba tupu huhitaji zaidi. Pala wa tundu hilo hukimbia mbali, na akizama kwenye vichaka vizito vya Itigi, Singida, msahau.

Nne, papasa ngozi ya upande wa pili. Hiki kinundu, kigumu kama punje ya karanga, ndicho kichwa chenyewe. Chana, osha, kausha, weka kwenye mzani mdogo kama wa wanunuzi wa dhahabu. Gramu 7: imebaki asilimia 60, imetanuka kama uyoga, karibu mara mbili ya unene wake. Kwa pala inatosha kabisa. Kwa pofu dume, mnyama wa kilo 700, hapana. Huko tafuta kichwa cha shaba tupu, au ambacho ganda na kiini vimeunganishwa visiachane. Nyati anaanzia .375, tusibishane.

Mwisho, kata na utupe nyama yote iliyovilia, pamoja na kiganja kizima kuizunguka. Vipande vingine vya madini ya risasi, ambayo ni sumu, havionekani kwa macho. Usisuuze jeraha, maji huvisambaza kwenye nyama safi. Na mabaki hayo asipewe mbwa.