Kule, Pale na Humu: Mtaa wa Pembezoni na Jina Lake

Mwenyekiti, asante. Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, hasa ninyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti.

Nitaanza na sarufi, mnivumilie kidogo. Kiswahili kimetupa zawadi kubwa sisi tunaoshughulika na mipango miji, nayo ni kwamba mahali kwetu ni patatu. Tuna "pale", tuna "kule", tuna "mle". Pale ni mahali dhahiri, unapaonyesha kwa kidole. Kule ni upande fulani tu, hakuna anayejua unaishia wapi. Na anayeishi ndani husema "humu mwetu". Sasa sikilizeni watu wanavyoutaja mtaa wenye sifa mbaya. "Kule usiende usiku." "Kule hakukaliki." Hata siku moja hamtasikia "pale". Mtaa wenye watu elfu hamsini, wenye shule, wazee, mafundi na wanaharusi, umefanywa kuwa upande tu. Kazi ambayo nimeipigania miaka yote hii ni kuufanya mji mzima uache kusema "kule" uanze kusema "pale": pale penye soko, pale penye ule mlango wa kijani, pale alipo fundi.

Nasema hivi kwa sababu kila kikao cha kuboresha mitaa ya pembezoni ninachoalikwa huanza na rangi. Tupake kuta, tuweke mabenchi, tubadilishe jina la mtaa. Sina ugomvi na rangi. Nina ugomvi na kuanza nayo.

Walionisikia kabla wanajua sasa naelekea Bijlmermeer, mtaa wa Amsterdam, Uholanzi. Naam, naelekea huko, na leo sitapita haraka.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, kusini-mashariki mwa Amsterdam, ulianza kujengwa mtaa mpya mkubwa wa maghorofa. Walioupanga waliamini, kwa kumfuata msanifu majengo Le Corbusier na wenzake, kwamba mji bora ni ule uliotenganisha kila kitu. Magari yapite juu kwenye barabara zilizoinuliwa, watu watembee chini kwenye majani, maduka yakae kwao, kazi iwe mbali. Majengo ya ghorofa kumi yalijipinda kama sega la nyuki, jengo moja likienda mamia ya mita. Mkazi wa kwanza alihamia mwaka 1968. Treni ya metro ilifika mwaka 1977. Naomba mhesabu wenyewe: miaka tisa.

Familia za kipato cha kati zilizotarajiwa hazikuja, zilitaka nyumba yenye ua wake. Fleti zikabaki tupu. Wakati huohuo watu wa Suriname, nchi ya Amerika Kusini iliyokuwa chini ya Uholanzi, walikuwa wakihamia Uholanzi kwa maelfu, nchi yao ikielekea kwenye uhuru wa Novemba 1975. Basi upande mmoja kuna fleti tupu, upande wa pili kuna familia zisizo na pa kulala, na katikati wenye nyumba wanasita kuwapangisha. Mwaka 1974 familia za Kisuriname ziliingia zenyewe katika jengo la Gliphoeve zikakaa. Habari zikaenea nchi nzima, na Bijlmer, kama mtaa huo unavyoitwa kwa kifupi, ikawa "kule".

Hapa siku zote kuna anayenong'ona kwamba mtaa uliharibiwa na waliohamia. Hapana. Hapana kabisa, na hili nitalirudia hadi sauti ikauke. Kasoro ilikuwa kwenye ramani kabla ya mhamiaji wa kwanza kufungua begi lake. Kule chini, usawa wa ardhi, ambapo mtu akitoka anapaswa kumkuta jirani, walipanga stoo. Mlango wa stoo, mlango wa stoo, mlango wa stoo, bila dirisha hata moja la mtu anayeishi. Ukirudi nyumbani usiku ulipita kwenye gereji kubwa ya magari, ukapita kwenye njia ya chini ya jengo, ukapita kwenye zile stoo, na njia nzima hakuna jicho linalokuona. Mwekeni mtu wa kabila lolote na dini yoyote kwenye njia hiyo usiku, ataogopa.

Sasa wale waliolaumiwa walifanya nini? Mwaka 1975 Wasuriname walianzisha mashindano ya mpira ya kiangazi kwa vijana waliokuwa hawana pa kwenda likizo. Mpira ukaleta watazamaji, watazamaji wakaleta wapishi, wapishi wakaleta ngoma. Likawa tamasha la Kwaku. Na jina hilo lina uzito wake: Kwaku ni jina la Kiakan, lugha ya Ghana, la mtoto wa kiume aliyezaliwa Jumatano, na utumwa ulikomeshwa Suriname tarehe 1 Julai 1863, siku ya Jumatano. Tamasha lipo hadi leo, katika bustani ambayo sasa inaitwa Nelson Mandela. Hakuna mshauri aliyelipwa kulibuni. Waghana nao walipofika walikosa majengo ya ibada, wakaanza kusali ndani ya zile gereji za magari. Zile zile gereji za kutisha! Mtu akiimba ndani ya gereji, gereji haitishi tena. Na hata hivyo, katika ramani za wataalamu, gereji hizo ziliendelea kuandikwa kama tatizo, na kwaya iliyokuwa ndani haikuandikwa popote.

Halafu ikaja jioni ya Jumapili, tarehe 4 Oktoba 1992. Ndege ya mizigo aina ya Boeing 747, iliyokuwa imepoteza injini mbili, iliangukia pembe yanapokutana majengo ya Groeneveen na Klein-Kruitberg. Idadi rasmi ya waliokufa ni 43. Lakini siku za mwanzo ilihofiwa wamekufa zaidi ya 200, kwa sababu mle majengoni mliishi watu wengi wasio na vibali, ambao hawakuwa kwenye daftari lolote. Likumbukeni hili mtu anapowaambia kwamba jina la mtaa ni jambo dogo. Moto ulipowaka, nchi iligundua kwamba haijui nani anaishi kule.

Jirani na moto ule ulibaki mti mmoja umesimama. Watu wakaanza kuweka maua chini yake, na picha, na barua, bila kuambiwa na mtu. Wakauita mti ulioona yote. Ukumbusho uliojengwa baadaye uliuzunguka mti huohuo, na chini yake kuna sakafu ya vigae vidogo vilivyopambwa kwa mikono ya watu, kila kimoja na mchoro wake. Mimi nimesimama pale. Unatazama chini kwa muda mrefu kuliko ulivyokusudia, maana ukitaka kupiga hatua unakuta jina, au moyo uliochorwa na mkono wa mtoto. Jambo ninalotaka mlishike ni mpangilio wake: watu walilifanya lile eneo kuwa mahali kwanza, wasanifu wakafuata. Msanifu alikuta "pale" imeshatamkwa.

Mpango mkubwa wa kuubadili mtaa ulikuwa umeshaanza, na uliendelea kwa miongo. Maghorofa mengi yalibomolewa, barabara nyingi zikateremshwa chini, gereji zikaondolewa. Sitawaambia kwamba kubomoa hakukuumiza watu, kuliumiza. Lakini jengo moja la mwisho, Kleiburg, ndilo ninalopenda kuwaonyesha wanafunzi. Urefu wake ni mita 400 na lina fleti 500. Lilikuwa libomolewe. Likauzwa kwa euro 1 kwa kundi lililosema: tutakarabati lifti, paa na korido, halafu kila mnunuzi atamalizia fleti yake mwenyewe anavyotaka. Anayetaka kubomoa ukuta wa ndani, sawa. Anayetaka kuunganisha fleti mbili, sawa.

Na zile stoo? Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Stoo zilitolewa usawa wa ardhi, mahali pake pakawekwa makazi na sehemu za kazi zenye madirisha makubwa. Njia za kupita chini ya jengo zikapanuliwa na kuinuliwa. Nilipita hapo jioni moja kukiwa na giza la mapema. Mtu alikuwa anamenya viazi karibu na dirisha, pazia halijafungwa, taa ya jikoni inaangukia njia. Akainua kichwa, akaniona, akaendelea kumenya. Basi. Huo ndio usalama ambao kamera mia haziwezi kuuleta. Mwaka 2017 jengo hilo lilipewa tuzo ya usanifu ya Umoja wa Ulaya, ile ya Mies van der Rohe, na ilikuwa mara ya kwanza kwa tuzo hiyo kwenda kwa jengo kuukuu lililokarabatiwa.

Naona dada pale mbele anatikisa kichwa. Najua swali lake: uhalifu ulikuwepo kweli, je, tunamwambia aliyeibiwa kwamba tatizo ni kiambishi? La. Uhalifu ulikuwepo, na wa kwanza kuibiwa ni mkazi wa humo. Lakini mkazi huyo anaibiwa mara mbili. Anaibiwa njiani, kisha anaibiwa anapoandika anwani yake kwenye barua ya kuomba kazi. Ufaransa walilikubali hilo kisheria: tangu Februari 2014, kumbagua mtu kwa sababu ya mahali anapoishi kumeorodheshwa pamoja na kumbagua kwa rangi au dini. Serikali haitungi sheria dhidi ya kitu ambacho hakipo.

Na Ufaransa hiyohiyo ina Clichy-sous-Bois, kilomita 15 tu kutoka katikati ya Paris. Oktoba 2005 vijana wawili waliokuwa wakiwakimbia polisi walikufa humo ndani ya kituo cha umeme, na nchi ikawaka kwa wiki tatu. Kila aliyekuja na maikrofoni aliuliza kwa nini vijana wa kule wana hasira. Wachache waliuliza wanasafirije. Mji ule haukuwa na kituo chake cha treni. Tramu ilifika Desemba 2019. Miaka kumi na minne! Watu huniambia, mwalimu, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami nawajibu, methali hiyo inawafaa wenye barabara. Kibaya kilitembea kwa televisheni usiku uleule. Chema kilikuwa kituoni kinasubiri basi.

Kuna jambo lingine linaloniudhi, nitalisema upesi. Serikali yenyewe kuwa mtoaji wa majina mabaya. Denmark tangu 2010 imekuwa ikichapisha kila mwaka orodha ya mitaa iliyoiita "geto". Mwaka 2021 neno hilo liliondolewa, wakaweka "jamii sambamba", yaani jamii inayodaiwa kuishi kivyake. Lakini angalieni kipimo. Mitaa miwili inaweza kulingana kwa ukosefu wa ajira, kwa uhalifu, kwa elimu na kwa kipato. Mmoja ukiwa na zaidi ya nusu ya wakazi wenye asili ya nchi zinazoitwa zisizo za Magharibi, unaingia kwenye orodha kali. Mwingine unaitwa tu mtaa ulio hatarini. Na ukikaa kwenye orodha kali miaka kadhaa, nyumba za familia za mashirika ya nyumba hapo lazima zipunguzwe hadi asilimia 40 ya nyumba zote. Mtaa wa aina hiyo hata ukipaka rangi kila ukuta, jina lake limeshaandikwa kwa asili ya watu na wazazi wao.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuzungumzia Medellín, mji wa Kolombia, kwa kirefu, nitakata. Kwa wasiojua, mwaka 2011 Comuna 13, mtaa wa mlimani uliopitia vita vya kweli, ulijengewa ngazi za umeme za nje zenye urefu wa mita 384, ili mama aliyebeba mzigo asipande tena kilima kama jengo la ghorofa 28. Baadaye ndipo michoro ya ukutani ikavuta watalii kutoka dunia nzima. Ngazi kwanza, mama kwanza, watalii baadaye, na ndiyo maana naupenda mfano huo. Ila siku hizi wakazi wanalalamika kelele, msongamano na kodi ya nyumba, na kuna familia zilizopotelewa na watu wao katika vita hivyo mwaka 2002 ambazo hazitaki huzuni yao igeuzwe mandhari ya kupigia picha. Hilo ni somo la saa nzima peke yake.

Kuhusu kodi ya nyumba, yaani mtaa ukipata jina zuri nani anabaki humo, nilikuwa na kurasa nne. Sitazisoma. Naomba tu yeyote aliyekuja hapa na mradi mfukoni aniambie kwanza majina ya watu watano wanaoishi kwenye ramani yake, na kila mmoja anafanya nini saa moja jioni.

Maswali. Dada uliyetikisa kichwa, anza wewe.