Meneja anayependa kuongoza na mafaili yanayongoja saini yake

Mabibi na mabwana, meneja wenu akienda likizo wiki mbili, mafaili mangapi yanalala mezani kwake? Tuanzie hapo.

Mwaka 2001 watafiti Chan na Drasgow waligawa ari ya kuongoza mafungu matatu: kuongoza kwa kupenda, kuongoza kwa wajibu, na kuongoza bila kupiga hesabu ya utakachopata. Mtu mmoja anaweza kuwa nayo yote, kwa viwango tofauti.

Msidhani anayependa sana ndiye atakayegawana uongozi na wenzake. Mara nyingi ndiye anayejibu swali kabla muulizaji hajamaliza. Si roho mbaya. Utamu wa kazi yake uko hapo hapo. Dawa yake ni ndogo, ila inamuuma: kikaoni aseme wa mwisho.

Wa wajibu ana ugonjwa mwingine. Anakabidhi vizuri, halafu kosa la kwanza likitokea anarudisha kila kitu mkononi mwake, maana lawama itamwangukia yeye. Huyu aandike mipaka mapema. Mtunza ghala, tuseme, aagize bidhaa hadi shilingi 500,000 bila kuuliza, atoe taarifa siku hiyo hiyo. Ikizidi, waamue wawili. Kumwambia “andaa oda, uniletee nisaini” ni kumwongezea kazi tu.

Asiyepiga hesabu hanisumbui sana, ingawa huyo ndiye anayesahau kudai mrejesho.

Sasa kipimo cha jinsi timu inavyogawana uongozi, kinachofanana na alichokitumia mtafiti Carson na wenzake mwaka 2007. Timu ina watu 6. Kila mmoja anawapa wenzake 5 alama 1 hadi 5: timu inamtegemea huyu kiasi gani katika uongozi? Zinapatikana tathmini 30; zote zikiwa 5, jumla ni 150. Jumla igawanye kwa 150.

Angalieni mtego. Kila mtu akipewa 3 na wote, jumla ni 90, yaani 0.6. Watatu wakipewa 5 na wote, na watatu waliobaki wakapewa 1 na wote, ni 75 na 15: 90 ile ile! Timu ya kwanza inagawana. Ya pili ina vigogo watatu na wasikilizaji watatu. Kwa hiyo someni alama za kila mtu kabla ya jumla.

Fomu zisiwe na jina la anayejaza, na asizikusanye meneja. Akizikusanya yeye, atapata 5 tupu.