Nyutrino na mwenzake asiyeonekana

ZUHURA: Suala la vitu kupata wapi tungamo, ule uzito wake, si tulishalimaliza? Julai 4, 2012, CERN, ile maabara ya fizikia ya Ulaya, wametangaza Higgs, chembe inayohusishwa na chanzo cha tungamo, mwaka uliofuata Peter Higgs na François Englert wakabeba Nobeli.

BARAKA: Tumelimaliza wapi, dada? Chukua protoni, ile chembe ya ndani ya kiini cha atomu. Jumlisha tungamo za kwaki zake tatu, yaani vijichembe vinavyoiunda, hupati zaidi ya asilimia 1 hivi ya protoni nzima. Iliyobaki ni nishati ya hizo kwaki zinavyohangaika na gluoni, chembe zinazozigandisha pamoja, zinavyozibana.

ZUHURA: Yaani kilo zangu zote hizi ni nishati! Nitamwambia daktari.

BARAKA: Mwambie. Hilo angalau linaeleweka. Linaloninyima usingizi ni nyutrino, chembe ndogo isiyo na chaji. Mwanafizikia Pauli aliipendekeza 1930 kwa sababu hesabu za nishati kwenye mionzi ya beta, pale kiini kinapotema elektroni, zilikuwa zinagoma, ikaja kunaswa 1956. Watu wakaichukulia haina tungamo, mpaka 1998 wale wa kituo cha kunasa nyutrino cha Super-Kamiokande, Japani, walipoonyesha kwamba inabadilika aina ikiwa safarini. Zote zingekuwa hazina tungamo, zisingebadilika.

ZUHURA: Na unapimaje kitu kinachopenya dunia nzima bila kujigonga?

BARAKA: Huipimi yenyewe, unapima elektroni iliyotoka nayo. Karlsruhe, Ujerumani, kuna jaribio la KATRIN. Kiini cha tritiamu, hidrojeni nzito yenye mionzi, kikivunjika, elektroni na antinyutrino, pacha kinyume wa nyutrino, hugawana nishati. Wao wanazitafuta zile elektroni chache zilizokaribia kuchukua yote. Kama antinyutrino ina tungamo, lazima ibaki na chake, elektroni isifike kileleni.

ZUHURA: Simulia lile tangi lao la kupimia elektroni, tafadhali.

BARAKA: Eeh! Tani 200, kipenyo mita 10. Limeundwa Deggendorf, kama kilomita 400 tu kutoka hapo, ila barabara haziliwezi. Basi 2006 likashushwa Danube, likakata Bahari Nyeusi, Mediterania, Atlantiki, likapanda Rhine. Karibu kilomita 9,000! Mwisho likapitishwa polepole katikati ya kijiji, linakaribia kukwaruza mapaa.

ZUHURA: Wakapata nini?

BARAKA: Matokeo ya 2025: tungamo ya nyutrino haizidi elektronivolti 0.45, hicho ni kipimo cha nishati tunachopimia pia tungamo za chembe. Elektroni ina 511,000.

ZUHURA: Loo. Mbona ipunjwe hivyo?

BARAKA: Hapo ndipo tunaingia kwenye kukisia. Wapo wanadharia wanaosema ina mwenzake mzito kupindukia, na kadiri huyo anavyozidi kuwa mzito, ndivyo hii yetu inavyozidi kuwa nyepesi. Kwa makadirio mengi hata LHC, ile mashine kubwa ya CERN ya kugonganisha chembe, haina nguvu ya kumtoa.

ZUHURA: Rahisi hiyo! Unamtaja shahidi, halafu unasema hawezi kufika mahakamani.

BARAKA: Lawama ya haki. Ila nadharia hiyo kwa kawaida inadai pia kwamba nyutrino na antinyutrino ni kitu kimoja. Ikiwa kweli, viini fulani vitatoa elektroni mbili kwa mpigo bila nyutrino hata moja. Jaribio la KamLAND-Zen, Japani, limekuwa likivizia hilo kwenye gesi ya zenoni, na lile la LEGEND, chini ya mlima Gran Sasso, Italia, kwenye madini ya jemaniamu.

ZUHURA: Wameona?

BARAKA: Bado.

ZUHURA: Basi mimi hela yangu naiweka kwenye hiyo zenoni, kabla ya kunichangisha mashine nyingine kubwa.